IST Dar es Salaam: mambo ya kupima kabla ya kulipa ada

International School of Tanganyika, iliyoanzishwa 1963, ni shule ya binafsi ya mchanganyiko inayofundisha kwa Kiingereza. Wadogo wako Upanga, sekondari iko Masaki. Mwenye watoto kote kuwili apige hesabu ya foleni za asubuhi. Nguvu ya shule hii ni Diploma ya IB (International Baccalaureate), mpango wa kimataifa wa miaka ya mwisho ya sekondari: masomo sita, kwa kawaida matatu ya kiwango cha juu, pamoja na insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Insha hiyo ndiyo inayowaumiza wanaochelewa kuchagua mada, maana inadai miezi ya kusoma na kuandika upya. Kwa anayelenga chuo cha Tanzania, ombeni ulinganifu wa cheti kwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, mapema, dirisha la udahili halimsubiri mtu. Ada ni kubwa mno. Ulizeni pia malipo ya kujiunga.