Tuisheni ya Jumamosi ya Hisabati Karibu na Soko la Kibuye, Kisumu

Mwanangu yuko Kidato cha Tatu, na muhula uliopita mada ya viwango vya kazi ilimshinda kabisa. Alikuwa amekariri kanuni ya kuzidisha kwa mshazari bila kujua inafaa lini, kwa hivyo alipoulizwa vibarua 12 watamaliza kwa siku ngapi kazi ambayo vibarua 6 huimaliza kwa siku 10, aliandika siku 20, wala hakushangaa kwamba kuongeza watu kumechelewesha kazi. Amehudhuria tuisheni hii Jumamosi sita, kwa shilingi 200 kila kipindi, na mara mbili mwalimu aliniruhusu kuketi nyuma na kusikiliza.

Ninaisifu kwa sababu moja kubwa: mwanafunzi hashiki kalamu kabla hajasema kama jibu litapanda au litashuka, na kwa nini. Swali la kwanza nililolisikia lilitoka katika mashamba ya miwa ya Muhoroni. Vibarua 6 hupalilia ekari 3 kwa siku 4. Vibarua 8 watapalilia ekari 5 kwa siku ngapi? Mwalimu aliuliza kwanza kibarua mmoja angeifanya kazi ile ya ekari 3 kwa siku ngapi, darasa likapata 24, yaani siku 8 kwa kila ekari. Ekari 5 basi zinahitaji siku 40 za mtu mmoja, na watu 8 wakigawana kazi hiyo ni siku 5. Ekari zikiongezeka siku huongezeka, watu wakiongezeka siku hupungua, na swali moja limebeba uwiano wa aina zote mbili. Jioni hiyo mwanangu alimweleza dadake hesabu hiyo yote bila kufungua daftari, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu aingie sekondari.

Kipindi cha pili kilihusu mafundi wawili wa cherehani, mmoja anayemaliza sare za shule kwa siku 6 na mwingine kwa siku 12. Swali lilikuwa watamaliza sare hizo hizo kwa siku ngapi wakishona pamoja. Wengi walitafuta wastani wakapata 9. Mwalimu akawauliza ni vipi fundi wa kwanza, anayemaliza peke yake kwa siku 6, acheleweshwe na msaidizi; kimya kikatanda, kisha binti mmoja akajumlisha kazi ya siku moja, 1/6 na 1/12, akapata 1/4, na kwa hivyo siku 4.

Kasoro zipo. Swali la tangi linalojazwa na mfereji huku likivuja lilipitiwa kwa haraka katika dakika za mwisho, ingawa ndilo linalowatatiza wengi, kwa kuwa kazi ya tundu hutolewa badala ya kujumlishwa. Pia haikutajwa kwamba hesabu ya vibarua husimama tu iwapo wote wanafanya kazi kwa kasi sawa. Zaidi ya hayo, mazoezi ya nyumbani hayasahihishwi, kwani wanafunzi ni zaidi ya 30 na mwalimu ni mmoja. Nimemwomba atenge kipindi kizima cha matangi, naye amekubali kufanya hivyo Jumamosi ijayo.