Game of Thrones ya kidijitali: ubao umekuja, maneno yamebaki mezani

Wadau wa gemu, mambo vipi? Nawasalimu kutoka Dodoma. Leo upepo na vumbi si mchezo, mkisikia dirisha linagonga msishtuke.

Tunachambua A Game of Thrones: The Board Game, ile ya kidijitali iliyotoka 2020. Imetokana na gemu la mezani, toleo la pili la mwaka 2011. Kuna koo sita zinagombea Westeros, bara la kubuni la hadithi za Game of Thrones: Stark, Lannister, Baratheon, Greyjoy, Tyrell na Martell. Ukifikisha ngome saba umeshinda papo hapo. Asipofikisha mtu, mizunguko 10 ikiisha mwenye ngome nyingi ndiye anayebeba.

Niwape haki yao kwanza: hesabu zote inafanya yenyewe. Aliyewahi kubishana kanuni za ile ya mezani hadi usiku wa manane anajua nafuu ninayoisema.

Sasa tuje kwenye kasoro: yale maneno ya mezani humu hayapo. Jamani, hili gemu vita vyake havina dadu. Kila mchezaji anapanga amri zake kwa siri, kushambulia, kulinda, kusaidia, kuvuruga, kukusanya nguvu, halafu zinafunuliwa zote kwa mpigo. Kwa hiyo silaha yako kubwa ni mdomo. Na utamu wenyewe uko kwenye ile amri ya kusaidia. Wawili wakipigana jirani na jeshi lako lenye amri hiyo, wewe ndiye unayeamua umbebe nani, au uwaache wauane. Hapo ndipo watu wanabembeleza, wanatisha, mwingine anakukumbusha chipsi alizokununulia juzi!

Haya, cheza na kompyuta uone. Chukua Lannister. Greyjoy yuko hapo baharini, mzunguko wa kwanza tu anaweza kukuingilia. Angekuwa mtu ungemvuta pembeni mkayajenga. Kompyuta unaivuta pembeni wapi? Ikikupiga imekupiga, na huna wa kumlaumu kwamba kavunja ahadi, maana ahadi haikuwepo. Wazee wanaocheza drafti Majengo, nusu ya mchezo wao ni kutambiana. Ondoa kutambiana uone kama kuna atakayebaki pale kivulini.

Ukicheza na watu mtandaoni kuna uhai kidogo, ila kuandika ujumbe si sawa na kumtazama mtu usoni anapokudanganya.

Kioo cha simu nacho shida. Ramani imejaa nchi kavu, bahari na bandari, unakuza, unapunguza, na ukishakuza huoni anayekuja kusini. Tableti angalau. Na maelezo hayana Kiswahili, mdogo wangu alikata tamaa kabla hata hajasogeza meli.

Ushauri wangu: usinunue ukitegemea kucheza peke yako, labda kwa kujifunza kanuni. Tafuta wenzako watano, fungueni simu ya kikundi WhatsApp, kila mtu na bando lake, halafu mdanganyane kwa sauti.