Vijicho vya infraredi vinavyobanduka: ununue nini, uache nini

"Mama, king'amuzi hakisikii rimoti." Sentensi hiyo nimeambiwa mara tatu ndani ya wiki moja, na mara zote tatu sikuhangaika na betri. Nilifungua kabati la TV, nikapiga magoti, nikakikuta kijicho cha infraredi kimelala chali kwenye rafu, kinamulika ubao.

Kwa ambaye hajawahi kukutana navyo: ukificha king'amuzi, deki na ampilifaya ndani ya kabati lenye milango, rimoti haivifikii. Kwa hiyo unaweka kipokezi kidogo nje, kinachonasa mionzi ya rimoti na kuipeleka kwa waya hadi ndani. Kule mwisho wa waya kuna taa ndogo iliyobandikwa usoni pa kila kifaa, mbele kabisa ya kidirisha chake cha kupokelea. Hizo taa ndizo ninazoziita vijicho, kwa udogo wake tu, wala hakuna husuda. Ingawa kwa seti ile niliyonunua mwanzo nilianza kushuku kwamba kuna aliyeniangalia vibaya.

Ilikuwa seti ya vijicho vinne, na tangazo likisema "gundi imara kabisa". Siku ya kwanza vyote vinne vilishika. Siku ya pili jioni nilitazama kwa karibu kile cha ampilifaya, nikaona ukingo wa juu umenyanyuka, upenyo wa kupitisha karatasi. Kesho yake asubuhi kilikuwa kinaning'inia.

Nilidhani tatizo ni gundi. Wasomaji wengi mlioniandikia mnadhani hivyohivyo. Sasa chukua plasta ya kidonda, ibandike mkononi, halafu jaribu kuiburuta pembeni. Haiendi. Kisha inua ukingo mmoja kwa ukucha, uone inavyokuja yote bila ubishi. Gundi ya kubandika hustahimili sana kuburutwa lakini ni dhaifu ikichunwa kuanzia ukingoni. Na anayekichuna kijicho chako usiku kucha ni waya wake mwenyewe.

Waya! Hakuna tangazo linaloutaja. Watakueleza urefu wa waya, watakueleza idadi ya vijicho, lakini hawatakuambia kama ni mgumu au laini. Ule wa seti yangu ulikuwa mnene, na ulikaa umekunjwa kwenye pakiti kwa muda mrefu hadi ukaizoea ile mikunjo. Unaunyoosha, ukiuachia unajirudi. Sasa uufungie kabatini pamoja na ampilifaya inayotoa joto. Joto linailegeza gundi, waya unavuta taratibu kurudi kwenye duara lake, na kijicho hakina uzito wala ubavu wa kubisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote, omba kuushika waya. Ukiuning'iniza kidoleni unapaswa kulala kama uzi. Ukisimama kama mdudu aliyekasirika, uache hapo hapo. Angalia pia unapotokea: unaotokea ubavuni, sambamba na uso wa kifaa, ni afadhali kuliko unaotokea mgongoni, maana huo wa mgongoni ni kama umewekewa mpini wa kubandulia.

Haya, orodha yangu.

Ya kwanza: kijicho chenye waya laini, na tepu ya 3M VHB inayopitisha mwanga

Mimi ni mtu wa 3M, ile kampuni ya tepu, sifichi, na wao hata hawanijui. VHB ni tepu ya pande mbili ambayo gundi yake ni akriliki tupu, imekuwepo tangu 1980, na hutumika hadi kushikia vioo na mabati ya majengo. Kwa kazi yetu tafuta ile isiyo na rangi: namba 4905 ina unene wa milimita 0.5, namba 4910 milimita 1. Mimi natumia 4910 kwa sababu nyuso za vifaa vingi zina mviringo kidogo, na unene huo unaufuata mviringo. Joto la ampilifaya haliitishi: 4910 huvumilia nyuzijoto 93 kwa muda mrefu.

Ila haitaki haraka. Ondoa gundi yote ya kiwandani iliyokuja na kijicho. Futa uso wa kifaa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, maana alama za vidole ni mafuta. Bandika, kandamiza kwa nguvu, halafu uiache. Baada ya dakika 20 imefikia karibu nusu ya nguvu yake, na inakamilika baada ya saa 72. Siku hizo tatu usiuguse waya. Najua ni vigumu.

Kabla ya kubandika, hakikisha unajua kidirisha kilipo. Mulika tochi kwa pembeni kwenye plastiki nyeusi ya mbele, utaona kitu kama shanga nyeusi kwa ndani. Mionzi yenyewe, ya nanomita 940 hivi, macho hayaioni, lakini kamera ya simu mara nyingi huiona kama mwanga wa zambarau, hasa ile ya mbele ya kujipigia selfi. Bonyeza rimoti, tazama kwenye simu: kijicho kikimetameta kipo hai, na tatizo ni mahali ulipokiweka.

Ya pili: vibandiko vya Command

Navyo ni vya 3M, mnisamehe. Hivi si vya kijicho bali vya waya. Sponji yake haipitishi mwanga, kwa hiyo usiiweke mbele ya taa. Chukua klipu ndogo za waya, bandika moja sentimita 3 au 4 kutoka kwenye kijicho, na uache kajipindo kadogo kalikolegea katikati. Hapo waya unaivuta klipu, kijicho hakijui kitu. Ukiniuliza kwa nini hii ni ya pili wakati ndiyo inayotibu ugonjwa wenyewe, sina jibu zuri. Nunua zote mbili.

Ya tatu: vijicho vyenye kofia nyeusi

Kofia inazuia mwanga wa nje na inaongeza eneo la kubandika, hivyo ukiwa na seti yenye waya mgumu usiyotaka kuitupa, kofia inasaidia kidogo. Kasoro yake ni kwamba inafunika uso wa kifaa, na king'amuzi chenye saa mbele kinageuka kipofu.

Zilizobaki

Blu-Tack, ile gundi laini kama udongo wa kuchezea, ni nzuri kwa kujaribia mahali, si kwa kuishi nayo. Kwenye joto inalainika. Selotepu ya umeme inaacha ulimbo. Supaglu usithubutu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayong'aa, na kuutoa ni kazi.

Kuhusu muuzaji wangu. Nilimwomba aniuzie vibandiko vya akiba tu, vile viduara vidogo. Hana, ninunue seti nzima tena. Yaani plastiki ya ukubwa wa kifungo cha shati imechoka, dawa ni kununua vijicho vinne vipya, kipokezi kipya na waya mwingine uleule unaojikunja. Nilipomuuliza unene wa waya akanijibu, "Dada, waya ni waya." Nikamtumia picha ya kijicho kinachoning'inia. Akauliza kama nilisafisha. Nilisafisha mara mbili.

Siku ukihitaji kubandua VHB, usitumie kisu. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma ya kijicho, uvute huku na huku kama msumeno mpaka utokee upande wa pili. Gundi inayobaki isugue kwa kidole gumba, itajikusanya yenyewe kuwa vipira.