Matairi ya theluji nene: lipi linunuliwe kwanza

Wengi wanaoandaa fowili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ya kuingia kwenye theluji nene huanza kuulizia injini kubwa na winchi, mashine ya kujivuta kwa kamba. Naomba fedha hiyo iende kwenye matairi kwanza. Theluji ikishafika juu ya ekseli, nguvu ya injini huishia kuchimba shimo. Gari linalopita ni lile linaloelea. Madereva wa Iceland wanalijua hilo tangu miaka ya 1980, walipoanza kupanda barafu kubwa za nchi yao, kama Vatnajökull, kwa matairi mapana yaliyotolewa upepo.

Siri iko kwenye upepo. Tairi lenye pauni 28 za upepo (kwa kila inchi ya mraba) barabarani likishushwa hadi pauni 3 hulala, alama yake chini ikarefuka mbele na nyuma, na uzito wa gari ukasambaa. Hapo gari huikandamiza theluji kidogo kuliko mguu wa mtu anayetembea. Dereva anaweza kushuka akazama hadi magotini, na gari lake limesimama juu.

Nafasi ya kwanza naipa tairi la inchi 38, yaani kimo chake kutoka chini hadi juu. Linatosha kulibeba juu pikapu la kawaida, na bado unaweza kuliendesha siku zote barabarani. Hilux zilizoandaliwa na kampuni ya Arctic Trucks kwa safari ya mwaka 2007 kuelekea ncha ya kaskazini ya sumaku zilivaa saizi hii. Ila ujue gharama haiishii kwenye tairi. Madigadi yatakatwa, na meno ya difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yabadilishwe kwa sababu tairi kubwa hulifanya gari liwe zito kuondoka. Rimu nayo iwe pana, na kingo za tairi zifungwe kwa pete maalumu au zigundishwe kwa gundi. Bila hivyo, ukikata kona na pauni 3 tairi litachomoka. Chagua radiali, yaani tairi ambalo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, yenye ubavu laini. Tairi la matope lenye ubavu mgumu halilali hata ukilitoa upepo wote, na muuzaji akikusifia kashata zake kubwa (vinundu vya mpira vinavyogusa ardhi) usivutike, kwani kashata hizo huchimba.

Inchi 35 ni ya pili. Inamfaa mwenye gari jepesi, au anayeingia kwenye theluji mara chache tu. Gari dogo kama Jimny likivishwa matairi mapana huyapita magari yenye uzito mara mbili yake, na nashangaa jambo hili halisemwi vya kutosha.

Inchi 44 naiweka ya tatu ingawa ndiyo inayoelea kuliko zote hizi. Magari ya misafara ya Antaktika huivaa. Kwa mtu binafsi huchosha beringi, usukani na breki, na hunywa mafuta kila siku kwa ajili ya siku chache za theluji.

Mwisho kabisa ni tairi jembamba lenye minyororo. Lina kazi yake kwenye theluji nyembamba juu ya barabara ngumu. Kwenye theluji nene huzama.

Pamoja na matairi nunua kipimo cha upepo kinachosoma pauni chache kwa usahihi, na kompresa (pampu ya kujaza upepo) yenye nguvu. Ukirudi kwenye lami bila kujaza upepo, tairi hupata joto likapasuka. Baada ya hapo fuata loki ya difu (inayoyafanya magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja), kamba ya kuvutia inayonyumbuka, na sepetu. Winchi isubiri, maana kwenye uwanda wa theluji hakuna mti wa kuifungia.

Ukinunua matairi yaliyotumika, usitazame kashata peke yake. Mpira wa zamani hukakamaa, na ubavu uliokakamaa haulali. Soma tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa, pale mwishoni mwa namba za DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha kagua ubavu wote, nje na ndani. Ukiona nyufa, liache.