Kabla hujanunua NAS ya duka (kiboksi chenye diski kinachotunza mafaili ya wafanyakazi wote kupitia mtandao), uliza: mtu akiondoka, folda yake inarithiwa na nani?

Kijana wangu wa video alipoaga kwenda Kasulu kufungua studio yake, nilimpa nauli na baraka, kisha nikaingia kwenye NAS ya duka nikafuta akaunti yake. Jioni bibi harusi mmoja wa Ujiji akapiga simu kuulizia video. Video ilikuwa kwenye folda binafsi ya yule kijana, na folda ilishaondoka na akaunti. Kile kiboksi hakikuuliza wala kuonya. Na zile diski mbili zinazonakiliana? Zilinakiliana vizuri mno: kilichofutika kwenye moja kikafutika na kwenye ya pili.

Kwa hiyo kasi na terabaiti sizigusi leo, muuzaji atakuimbia hata usipomuuliza. Mimi natazama mirathi tu. Akaunti ikifa, mali yake inakwenda wapi?

Wengi wetu hapa Mwanga, Kigoma, hata hatufiki kwenye mirathi. Duka zima lina jina moja la kuingilia, nywila imebandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta, na kila anayeajiriwa anapewa hiyohiyo. Siku faili likipotea, kila mtu ni shahidi na hakuna mtuhumiwa.

Naanza na ninayoipenda, na sijifichi: Synology. Kwa duka la watu watatu hadi sita, modeli yao ya DS223 inatosha. Kazi zikiwa nyingi, panda DS224+. Ujue tu kwamba ikifika, huduma ya folda binafsi imezimwa, na wengi huishia hapo wakidhani haipo. Iko kwenye Control Panel, sehemu ya watumiaji, ndani ya mipangilio ya ziada. Ukishaiwasha, kila anayeingia anaona folda iitwayo home, yake peke yake. Wewe msimamizi unaona homes, yenye za wote. Waambie wafanyakazi mapema kwamba unaziona. Mimi nilichelewa kusema, nikakutana na picha za mtu na mchumba wake, na kwa wiki nzima hatukutazamana usoni.

Mtu akiondoka, usifute. Fungua akaunti yake uizime, iwe papo hapo au kwa tarehe unayoipanga, tuseme siku mkataba unapoisha. Hataingia tena, lakini folda yake imebaki palepale ndani ya homes. Hamisha kazi za wateja bila haraka, hakikisha zinafunguka, ndipo ufikirie kufuta. Na kila mmoja muwekee kikomo cha nafasi, maana mpiga video asiye na kikomo ni mgeni aliyeachiwa sufuria nzima ya wali.

Ya pili ni QNAP. Nayo inakuwezesha kuzima akaunti, na hata ukiamua kufuta, kuna kisanduku cha kuchagua kama folda iondoke pia au ibaki. Kisanduku hicho kingeniokoa! Mbona basi siipi namba moja? Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga mafaili ya watu wenye QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, wakadaiwa bitcoin 0.03 kila mmoja. Kampuni ilitoa masasisho, ila moyo wangu haujatulia. Ukiinunua, usiifungulie mlango kwenye ruta, yaani isifikiwe moja kwa moja kutoka intaneti.

Ya tatu ni kompyuta kuukuu yenye OpenMediaVault, programu ya bure inayoigeuza kuwa NAS. Folda binafsi unaziandaa mwenyewe, na LUKU utaijua: DS223 hula chini ya wati 20, kompyuta ya mezani ya zamani inazidi hapo kwa mbali.

Fleshi iliyochomekwa nyuma ya ruta? Hapana.

Sasa bei, na hapa naandika kwa hasira. Muulize muuzaji wa Dar bei chini ya tangazo lake mwenyewe, atajibu "njoo inbox". Ukifika inbox, bei inategemea umetaja mkoa gani. Nikisema Kigoma inapanda, kana kwamba basi linapita chini ya ziwa. Ile ya kwanza niliilipia kwa hela ya madumu ya mawese, nikaipokea stendi, nikafungua boksi: halina hata diski moja. Nikampigia. "Dada, hukuuliza diski." Ni kweli, sikuuliza. Nilidhani anayeuza ndoo hauzi na mpini pembeni.

Siku hizi, kabla sijatuma hela, namtaka muuzaji anipigie simu ya video, awashe mashine ikiwa na diski ndani, afungue ukurasa wa watumiaji, anionyeshe pa kuzima akaunti. Watatu walikata simu. Wa nne ndiye aliyeniuzia Synology.