Dawati la usajili, chuo cha jamii hapa San Diego: nyota nne

Shemeji yangu hana cheti cha sekondari, ila ana miaka zaidi ya 18, basi wakampokea. Yule dada wa dawatini aliuliza kwanza amehamia California lini: ada ya mkazi, dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo), inataka umekaa mwaka mmoja na siku moja kabla muhula haujaanza. Bili ya umeme haikutosha kuwa ushahidi, akaomba na leseni ya udereva. Mkimbizi aliyefikia California moja kwa moja hasubirishwi hivyo. Uliza, wasikubambikie bei ya mgeni! Binti yangu wa haiskuli anachukua somo moja, bure, kwa idhini ya shule na sahihi yangu. Wenye kutafuta viza ya F-1, ile ya wanafunzi kutoka nje ya Marekani, ndio wana kibarua: Kiingereza, taarifa za benki, ndipo chuo kiwape I-20, fomu ya kuombea viza hiyo. Nyota moja naikata, foleni ile jamani.