Uzoefu wangu: kuvua mbasa kwa boti ya tanga kutoka Matema

Huduma hii inatolewa na vijana wachache wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Wilaya ya Kyela, na nimeona niieleze kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunaotoka Mbeya mjini huteremka Tukuyu, tukapita Ipinda, tukaogelea na kula samaki, kisha tukarudi, bila kujua kwamba katika maji yale yale mtu anaweza kumnasa mbasa, samaki wa rangi ya fedha wa ziwa hilo, kwa fimbo na rili (gurudumu la kukunjia mshipi) huku chombo kikiendeshwa kwa upepo peke yake.

Safari huanza alfajiri, na wana sababu nzuri. Saa hizo upepo hushuka kutoka Milima ya Livingstone na kukisukuma chombo nje bila taabu, na kuelekea mchana hugeuka ukavuma kutoka kusini, ukawarudisha wavuvi nyumbani. Tulipita upande wa Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi wa vyungu, ambako mlima umezama wima ndani ya ziwa kiasi kwamba hatua chache tu kutoka kwenye mwamba maji tayari ni ya kina kirefu. Huko ndiko mbasa hufukuza dagaa, na kwa hiyo vijana walikokota nyuma ya tezi, yaani nyuma ya chombo, chambo bandia, kijiko kidogo cha chuma kinachometameta kama dagaa anayekimbia.

Samaki alipokamata, rili ililia kwa sauti kali na mshipi ukaanza kuisha. Hapa ndipo nilipotambua ubora wa huduma hii, kwani boti ya tanga haina injini ya kuzima. Nahodha aliigeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, moja kwa moja kwenye upepo, kijana mwingine akalegeza demani, kamba ya kuongozea tanga, tanga likapigapiga na chombo kikapoteza mwendo. "Mama, usivute! Mwache akimbie kwanza," aliniambia, nami nikatii. Mbasa aliruka juu ya maji, akazama, akaruka tena. Kila nilipodhani amechoka alichukua mshipi upya. Breki ya rili walikuwa wameilegeza tangu mwanzo, jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza, lakini nguvu ya samaki ikijumlishwa na mwendo wa boti, breki iliyokazwa ingeing'oa ndoano mdomoni. Vilevile hawakufunga waya mbele ya ndoano, na wako sahihi: mbasa hana meno kwenye taya, meno yake yako kooni, kwa hiyo mshipi mwembamba unatosha na samaki hauoni kwa urahisi.

Walimwopoa kwa kimia, wavu mdogo wa mkononi, si kwa ngowe, mti wenye ndoano. Alikuwa mrefu kuliko mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole, ubavu wote wa fedha, mkia umegawanyika kwa kina. Nahodha alimshikilia ndani ya maji hadi nilipoamua kama tunamchukua au tunamwachia. Nilimwachia.

Bei ni ya haki kwa nusu siku mkichangia watu wanne. Kasoro niliyoiona ni majaketi ya kujiokolea: yapo ya kutosha, lakini yote ni ya watu wazima, na mtoto wa mwenzetu alibaki ufukweni kwa sababu hiyo. Nahodha hakukubali kumpakia bila jaketi linalomfaa, na ninamsifu kwa hilo. Kuanzia Mei hadi Agosti msiende kabisa kama hamjazoea maji. Ziwa lina urefu wa takribani kilomita 560, na upepo wa kusi husukuma mawimbi urefu wote huo hadi yanapojipiga Matema, mwisho wake wa kaskazini.

Jambo ninalotaka libadilike ni la miezi ya mvua. Wakati huo mbasa hupanda mito kama Lufilyo kwenda kutaga, na tayari hutegewa nyavu midomoni mwa mito. Niliambiwa kwamba mteja aking'ang'ania, boti humpeleka huko. Wasimpeleke. Samaki anayekamatwa kabla ya kutaga ni hasara kwa hao hao vijana wanaoishi kwa kumtegemea, na mteja mwelewa atakubali akielezwa. Mimi nitakwenda tena kati ya Septemba na Novemba, maji yakiwa yametulia na mito bado haijajaa, na ninawaomba nanyi mpange safari zenu katika kipindi hicho.